Pweza Wangu Katika Bakuli la Wifi

Wewe nakwambia kwa sababu najua huna haraka ya kuhukumu. Wengine ukiwaambia una wivu wakupa dawa kabla hujamaliza kusema: soma hiki, funga Jumatatu na Alhamisi, omba toba. Hayo nayajua, na mengi nayafanya. Wewe kaa hapa barazani kwangu, nisikilize mpaka mwisho, halafu useme unalotaka.

Hamu yangu ilikuwa moja. Nilitaka katika mji huu wa Amu, nilioolewa na kuzaa ndani yake, siku moja watu waseme: hiki kimetoka mkononi mwa yule mwanamke wa Ndau. Kitu chochote. Nilikuwa hata sijachagua.

Kwetu Ndau ni kisiwa kidogo, watu ni wavuvi, na hata unga ukiisha dukani mtu hungoja mashua. Nililetwa Amu bi harusi, nikaingia nyumba ya mawe ya kina mume wangu. Sisi twakaa upande huu wa ujia, dada yake akaa upande wa pili, na juu ya vichwa vya wapita njia kuna wikio, kile chumba kama daraja kinachounganisha nyumba mbili. Kwa hivyo wifi yangu haji kwangu kwa kupiga hodi mlangoni. Hutokea tu ndani, kama harufu ya chakula chake.

Na chakula chake kina harufu, siwezi kusema uongo. Tena amesoma mpaka kidato cha nne, azungumza na mwalimu mkuu kama azungumzavyo na ndugu yake, na shuleni ndiye mwenyekiti wa kina mama. Mume wangu akila biriani ya dada yake hufumba macho. Akila yangu husema Alhamdulillahi, kama anavyopaswa kusema Muislamu yeyote aliyeshiba.

Mimi kusoma nimeanza ukubwani. Utotoni nilihitimu Kurani, lakini skuli sikwenda. Nilipoingia miaka ya arobaini nikajiandikisha gumbaru, darasa la watu wazima la jioni, katika shule ile ile anayosoma binti yangu. Asubuhi yeye hukaa dawati la karibu na dirisha. Baada ya Alasiri, jua likipoa, hukaa mimi, dawati hilo hilo, na mara nyingine nakuta amenichorea ua kwa penseli pembeni. Mwalimu wetu ni mama wa bara, Mkristo, mwenye subira ya ajabu. Hutuita "wanafunzi wangu" na wengine mle ndani wana wajukuu.

Masika yalipokuja na upepo wake, yakang'oa mabati ya chumba kile. Watoto wakabanwa na wenzao chumba cha pili. Sisi wa jioni tukaambiwa tupumzike nyumbani mpaka paa lirudi. Ndio kwanza nilikuwa nimeanza kusoma ukurasa mzima bila ya kuweka kidole chini ya maneno. Nikamuuliza mwalimu, tupumzike mpaka lini? Maskini, naye hakujua.

Ukaitwa mkutano wa wazazi. Wanaume wakasema maneno yao ya serikali na ya mheshimiwa, yakapita. Kisha wifi akasimama, akajitengeneza buibui begani.

"Harambee za kuitana majina tumechoka nazo," akasema. "Mtu atoa kwa haya, arudi nyumbani akinung'unika. Mimi nimezungumza na mwenye ile hoteli ya pwani. Yeye atatupa jiko lake na meza zake jioni moja. Kina mama tupike, watu waje wale walipe, na kitakachopatikana kiende kwenye paa."

Watu wakapiga makofi. Mwalimu mkuu akasema huo ndio ushirikiano. Mzee mmoja akasema, "Huyu mwanamke angekuwa mwanamume tungempa kata nzima."

Mimi nilikaa nimeinamisha kichwa. Paa lile nalitaka kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale. Lakini sikutaka liwe paa lake. Nilijiona tayari nimekaa dawatini, naangalia juu, na kila bati laniambia: mimi ni la wifi yako.

Siku ya kugawana kazi tulikutana kwake. Yeye biriani, hilo halikuulizwa. Huyu pilau, yule sambusa, fulani mkate wa sinia. Akafika kwangu.

"Na wewe wifi, kachumbari."

"Kachumbari?"

"Na ndimu za kukamulia. Mkono wako mwepesi. Watu wa Ndau na kisu ni ndugu."

Wakacheka. Mmoja akadakia, "Mwambie asilete mizani, tukadhani twauziwa samaki."

Na mimi nikacheka. Ungefanya nini?

Usiku huo nilikumbuka maneno ya somo yetu wa darsa, kwamba hasadi hula mema ya mtu kama moto ulavyo kuni. Nikajipima. Hasadi, kama nilivyofahamu, ni kutaka neema ya mwenzio iondoke. Mimi sikutaka biriani yake iungue. Nilitaka tu na mimi niwe na changu. Nikasema hii basi si hasadi, ni wivu wa kawaida. Lakini usingizi haukuja upesi.

Ikafika siku yenyewe. Asubuhi kaka yangu wa Ndau alikuwa ameniletea pweza kwa mashua, mkubwa, wa kutosha nyumba mbili. Nilikuwa bado namsafisha, wifi akatokea kutoka kwenye wikio na bakuli lake mikononi.

Bakuli hilo nikueleze. Ni la kaure, kubwa, lina ukingo wa buluu na samaki wawili waliochorwa ndani. Lilikuwa la bibi yao. Hakuna harusi wala matanga mtaani ambako halijafika, na hata watoto walijua. Siku hiyo lilijaa biriani.

"Onja, wifi, uniambie chumvi. Sitaki kuaibika mbele za watu."

Nikaonja. Nilitafuta kosa kama mtu atafutaye pete iliyomdondoka mchangani. Sikuliona.

"Imekolea," nikasema.

"Imekolea tu?"

"Imekolea sana, wifi."

Akatabasamu, akarudi kwake kwa njia aliyojia, akaniachia bakuli na ile biriani.

Sasa wajua desturi yetu. Chombo cha mtu hakirudi kitupu. Ukiletewa sahani ya tambi, wewe huirudisha na japo ndizi mbivu. Kurudisha kitupu ni kama kumwambia mtu usinizoee. Siku nyingine ningelitia sukari nikamaliza. Siku hiyo nilisema, hili bakuli nitalijibu. Nitalirudisha na kitu kitakachomfanya naye afumbe macho, hata kama atakula peke yake jikoni kwake na mji mzima usijue.

Nikampika pweza kama alivyompika mama yangu. Kwanza nikampiga kwa mchi mpaka akalegea. Nikamchemsha kwa maji yake mwenyewe, bila ya kumwongeza. Kisha nikawasha vifuu vya nazi, na moto ulipokufa ukabaki moshi, nikamlaza juu yake mpaka ngozi ikawa nyekundu ya kahawia. Hapo Amu hawafiki, wao humtoa chunguni wakamtia kwenye tui moja kwa moja. Nikamkata, nikamtia kitunguu thomu, pilipili, embe mbichi na tui jepesi, na mwisho kasimile, lile tui zito la mkamuo wa kwanza, likatokota kidogo tu. Nikaonja. Nikajisemea mwenyewe, Mashallah, maana hapakuwa na mwingine wa kunisemea.

Nikajaza bakuli, nikalifunika kawa, nikampa binti yangu amrudishie shangazi yake. Kisha nikarudi kwenye vitunguu vyangu vya kachumbari.

Binti akapita kwenye wikio, akakuta kwa shangazi kumefungwa, wameshatangulia hoteli na masufuria. Naye alikuwa na haraka, alitakiwa kwenda kuimba kaswida na wenzake. Akaona kumpelekea shangazi yake huko huko ndiyo adabu. Alipofika hakumwona, akaliweka bakuli kwenye meza ya jikoni pamoja na vyombo vingine, akakimbia kwenye kaswida. Hakukosea. Ningekuwa mimi ningefanya vivyo hivyo.

Jikoni alikuwapo dada wa mwenye hoteli, mtu wa mji, ndiye aliyepewa kazi ya kupakua. Kwetu hakuna aandikaye jina kwenye chombo. Chombo chajulikana nyumba yake kama mtoto ajulikanavyo. Akaliona bakuli la samaki wawili, akapakua vijiko viwili vitatu kila sahani, nyingine zikateremka kwa wanaume waliokaa chini, nyingine zikapanda kwetu wanawake juu darini.

Nilikuwa nazungusha sinia la kachumbari. Kabla ya kuziona sahani nikausikia ule moshi. Nikamwona mama mmoja atia kijiko kinywani, kisha akaiinamia sahani kuitazama.

"Hiki ni nini?" akamuuliza mwenzake.

"Pweza."

"Pweza namjua. Nakuuliza amefanywa nini."

"Wallahi sijui. Nipe hako kamtuzi kalikobaki, usikaache."

"Kale chako."

"Mpishi ni nani?"

"Ameletwa kwa bakuli la mwenyekiti," akasema yule aliyepakua. "Mimi nimelishika kwa mikono yangu."

"Loo. Biriani na pweza, yote yeye. Mungu akimpa mtu humpa."

Wifi alikuwa pale pale darini akipokea pongezi za biriani. Alipotajiwa pweza akageuka, akaliangalia bakuli lake lililoletwa juu, tupu, limepanguswa kwa mkate. Halafu akaniangalia mimi. Alielewa pale pale. Pweza hakupika, na katika mji ule mtu aliyekuwa na sababu ya kulijaza bakuli lile ni mmoja.

Mwenye hoteli akapanda ngazi, akakohoa kwanza kama ilivyo adabu, akasimama kwenye kidato cha mwisho uso wake ukielekea ukutani.

"Bi Mwenyekiti, wanaume huko chini watanivunjia meza. Huyu pweza namtaka hapa kila Ijumaa. Nusu ya bei ya kila sahani nitaitoa kwa shule mpaka paa liishe. Utanipikia?"

Nikangoja. Nilikuwa na sinia mkononi, na sikutaka kingine duniani ila wifi yangu afungue kinywa.

Akafungua. "Alhamdulillahi," akasema. Kisha, "Inshallah."

Vigelegele vikapanda.

Najua wataka kuniuliza kwa nini sikusema. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini kumuumbua dada wa mume wangu mbele ya wanawake wa mji mzima si jambo dogo, na maneno yakishatoka hayarudi. Nikafikiri na paa pia, kwamba ningeanzisha mzozo pale, mwenye hoteli angeshuka ngazi zake na Ijumaa yake. Tena, nani angemsadiki mwanamke wa kachumbari?

Mume wangu alirudi baada ya Isha, ameshiba, uso umemng'ara.

"Dada leo kafanya mambo," akasema. "Yule pweza umemwonja?"

"Nimemwonja."

"Amenikumbusha wako."

Nikageuka. "Kweli?"

"Kama wako kabisa. Lakini wake amezidi kidogo."

Nikaenda kutawadha, ingawa udhu nilikuwa nao.

Asubuhi wifi akatokea. Bakuli mkononi, ndani yake halwa. Akaliweka mbele yangu, akakaa kwenye mkeka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Siku zote hukaa kitini.

"Wifi, jana sikujua niseme nini. Watu wote wale."

"Ungesema si wangu. Ni maneno mawili."

"Yalinikwama."

"Alhamdulillahi haikukukwama."

Akainamisha macho. "Nifundishe basi, nipike mwenyewe."

"Sikufundishi."

"Basi Ijumaa nitampelekea nini yule bwana? Nikimwambia sijui, atasema tumemchezea. Paa litasimama."

Hapo ndipo aliponishika. Ningeweza kumwacha aaibike, na roho yangu, nakwambia kweli, ilitaka. Lakini nililiona dawati la dirishani linanyeshewa mvua. Nikamwona na yule mwalimu wa bara asiye na pa kutufundishia.

"Nitapika mimi," nikasema. "Utabeba wewe kwa bakuli lako. Mpaka paa liishe. Siku likiisha, kwa kinywa chako, pale pale darini, utasema pweza ni wa nani."

"Inshallah."

"Usiniambie inshallah ya jana."

"Inshallah ya kweli, wifi."

Basi nikapika. Kila Ijumaa, vifuu, moshi, kasimile. Kaka yangu akileta pweza, mimi napika, wifi apita na bakuli juu ya vichwa vya watu na hakuna ajuaye. Watu wakimkuta njiani wamwambia, "Pweza wako, Bi, ametutoa mbio nyumbani." Nami nipo nyuma yake nimebeba kikapu cha mboga. Mara moja shetani alinishika mkono kwenye chumvi. Nikasema audhubillahi, nikairudisha mkebeni. Si kwa wema tu. Sikutaka hata siku moja iliyoharibika iandikwe kwenye pweza wangu, hata kama jina ni la mtu mwingine.

Paa likaenda. Mbao kwanza, kisha mabati mapya yanayomulika mpaka ukifika gatini wayaona. Ikasomwa dua, kukapikwa, tukaitwa darini tena kushukuriana. Mwalimu mkuu akatuma leso ya zawadi, wifi akavishwa mabegani. Akaombwa aseme neno.

Akaniangalia. Nikajiweka sawa kwenye mkeka.

"Hii si kazi yangu peke yangu," akasema. "Tumeshirikiana sote. Mungu awalipe kila mmoja."

Akakaa.

Sote. Kila mmoja. Uongo haumo ndani yake, na mimi simo pia.

Ijumaa iliyofuata sikupika. Niliswali, nikajilaza. Wifi akatokea, bakuli mkononi, tupu. Katika miaka yote hiyo halijawahi kuingia kwangu tupu, na yeye alijua nini maana yake. Akaliweka mkekani.

"Leo sikutia kitu," akasema. "Nimekuja kuomba. Yule bwana ashauliza, na mwalimu mkuu asema shule yataka vyoo vya wasichana."

"Vyoo ni jambo la kheri."

"Basi utapika?"

"Nitapika Ijumaa utakayopanda darini ukasema maneno mawili."

"Wifi, baada ya muda wote huu, watanionaje?"

"Watakuona mkweli aliyechelewa."

Akacheka kidogo, kwa uchungu, akainuka bila ya bakuli.

Basi liko kwangu. Nimeliosha, nimeliweka kwenye kidaka cha ukutani, samaki wake wawili wakiangalia nje. Si wizi. Nimemwambia wazi kwamba ni lake, alifuate siku yoyote, na siku hiyo litatoka limejaa. Binti yangu ndiye mtumiaji wa vyoo hivyo, nisidhaniwe nimesahau. Kila Ijumaa vifuu vyangu huwa tayari na mlango wa wikio huuacha wazi.

Gumbaru imerudi. Jioni ya kwanza nilikaa dawati langu, nikaangalia juu. Mabati hayakuniambia kitu. Mwalimu akatutaka tuandike ukurasa mmoja, tulifanya nini darasa lilipofungwa. Nikaanza. Ukurasa haukunitosha, nikaendelea kama nakuzungumzia barazani, na ndio waraka huu uliomo mikononi mwako.

Ukimaliza kusoma usiufungie sandukuni. Mpe jirani, naye ampe wifi yake, usomwe harusini wanawake wakingoja chakula, ufike hata Chundwa na Ndau kwa mama yangu, asomewe. Sikutaja jina la mtu, na wewe usiulize, kusengenya ni haramu. Lakini akikuambia mtu kwamba alikula hoteli ile ya pwani, siku ya Ijumaa, pweza mwenye moshi wa vifuu, mwambie taratibu yule pweza alipikwa na nani.